Umeme Ulipopanda Mlima: Kwa Nini Waya wa Reli Ulianzia Natal Kabla ya Johannesburg

Kiswahili kina neno garimoshi, na wengi wetu bado tunalitumia hata kwa treni ambayo haina moshi wowote. Neno hilo linatokana na moshi wa injini zilizochoma kuni, makaa au mafuta. Makala haya yanahusu jinsi moshi huo ulivyoanza kuondoka katika reli za Afrika Kusini, na hasa swali moja ambalo sisi tunaosoma Johannesburg tunapaswa kujiuliza: kwa nini reli kuu ya kwanza ya umeme katika nchi hii haikujengwa hapa?

Swali hilo lina msingi. Tangu dhahabu ilipogunduliwa Witwatersrand mwaka 1886, mji huu umezoea kutangulia. Migodi ilikuwa hapa, fedha zilikuwa hapa, na umeme wenyewe ulikuwa hapa kwa sababu migodi iliuhitaji. Lakini treni za umeme zilifika katika reli za Witwatersrand mwaka 1937. Kabla ya hapo, kufikia mwaka 1926, injini za umeme zilikuwa tayari zikivuta mizigo mizito kati ya Glencoe na Pietermaritzburg, katika nchi ya milima na malisho ya Natal. Umbali huo ni zaidi ya kilomita 270, na miji iliyo njiani ni midogo. Jibu la swali letu liko katika umbo la ardhi na katika mzigo uliopita juu yake.

Reli iliyopanda kutoka baharini

Reli ya kwanza ya Afrika Kusini kusafirisha abiria kwa injini ya mvuke ilifunguliwa Durban tarehe 26 Juni 1860. Ilikuwa njia fupi ya bandarini. Kazi ngumu ilianza pale Natal ilipotaka kufika bara. Reli ilifika Pietermaritzburg mwaka 1880, ikafika Charlestown mpakani mwa Transvaal mwaka 1891, na hatimaye ikaunganishwa na Johannesburg mwaka 1895. Mohandas Gandhi aliposhushwa kwenye treni Pietermaritzburg mwezi Juni 1893 kwa sababu ya rangi yake, alikuwa akisafiri katika njia hiyo kabla haijakamilika. Reli ilipoishia Charlestown, ilimbidi aendelee kwa gari la farasi.

Durban iko usawa wa bahari, na Johannesburg iko karibu mita 1,750 juu yake. Kati ya miji hiyo miwili hakuna mteremko mmoja uliotulia. Reli inapanda, inashuka kwenye bonde la mto, inapanda tena. Walioijenga hawakuwa na fedha za kuchimba mahandaki marefu, kwa hiyo waliifuata milima kwa kona kali na miinuko mikali. Reli ya awali iliyotoka Pietermaritzburg kwenda Hilton ilikuwa na mwinuko wa mita 1 kwa kila mita 30. Kwa mtembea kwa miguu huo ni mlima mdogo. Kwa treni ni ukuta.

Tuchukue mfano wa hesabu. Treni ya tani 1,000 kwenye reli tambarare inahitaji nguvu ndogo sana ya kuivuta, sawa na uzito wa tani chache tu, kwa kuwa magurudumu ya chuma yanabingirika juu ya reli ya chuma. Ukiiweka treni hiyo hiyo kwenye mwinuko wa mita 1 kwa kila mita 50, uzito wake wenyewe unairudisha nyuma kwa nguvu ya tani 20. Mwinuko wa 1 kwa 30 unaongeza nguvu hiyo hadi zaidi ya tani 33. Ndiyo maana mizigo ya reli ya Natal ilibidi igawanywe, au injini ya pili isukume kutoka nyuma, na treni nyingine zikasubiri pembeni mpaka njia iwe wazi.

Makaa yaliyokwama mlimani

Miinuko peke yake isingetosha kuleta umeme. Nchi nyingi zina reli za milimani zinazopitiwa na treni mbili kwa siku, na hakuna anayefikiria kuziwekea waya. Tofauti ya Natal ilikuwa makaa ya mawe. Karibu na Dundee, Glencoe na Newcastle kulikuwa na machimbo makubwa, na bandari ya Durban ilikuwa kituo ambapo meli za mvuke zilijaza makaa kabla ya kuendelea na safari. Makaa yote hayo yalipita katika reli moja.

Safari ya makaa ilikuwa na ugumu wake. Kutoka machimboni kwenda baharini ni kushuka, ukitazama mwanzo na mwisho tu. Lakini njiani treni iliyojaa ilishuka kwanza hadi bonde la mto Tugela pale Colenso, kisha ikapanda upya kwa umbali mrefu kuelekea Estcourt na Mooi River, ndipo ikateremka Pietermaritzburg. Mzigo mzito kabisa ulikutana na mlima ukiwa umejaa. Mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza njia ilikuwa imebanwa.

Shirika la Reli na Bandari la Afrika Kusini lilikuwa na njia tatu za kuchagua: kujenga reli ya pili sambamba, kununua injini kubwa zaidi za mvuke, au kuweka umeme. Lilitafuta ushauri wa kampuni ya mhandisi Mwingereza Charles Merz, na ripoti ya kampuni hiyo ya mwaka 1919 ilipendekeza umeme. Hoja yake ilikuwa ya kibiashara. Kama treni zitapanda kwa kasi zaidi zikiwa na mzigo mkubwa zaidi, reli iliyopo itabeba makaa mengi zaidi bila kujengwa nyingine.

Uamuzi huo haukuwa wa kubahatisha. Huko Marekani kampuni ya reli ya Milwaukee Road ilikuwa imeweka umeme wa volti 3,000 katika sehemu ndefu ya milima ya Rocky kuanzia katikati ya miaka ya 1910. Uswisi, iliyokosa makaa wakati wa vita, ilikuwa ikiweka umeme kwenye njia ya Gotthard, na kazi hiyo ilikamilika mwanzoni mwa miaka ya 1920. Natal ilichagua volti 3,000 kama Milwaukee. Injini zake za kwanza, zilizoitwa daraja la 1E, ziliundwa kwa mitambo ya umeme ya Metropolitan-Vickers ya Uingereza, na nyingi za mwanzo zilijengwa Winterthur, Uswisi. Kwa umeme wenyewe, shirika lilijenga mtambo Colenso, ukingoni mwa mto Tugela, ambao baadaye ulikabidhiwa Escom, shirika la umeme la taifa lililoundwa mwaka 1923 na ambalo leo tunaliita Eskom.

Umeme ulifanya nini mlimani?

Inafaa tusimame hapa, kwa sababu mara nyingi faida za treni ya umeme hutajwa kwa jumla, kwamba ni safi na ina kasi. Mlimani faida zake ni mahususi zaidi.

Ya kwanza ni chanzo cha nguvu. Injini ya mvuke hubeba moto wake, maji yake na makaa yake. Haiwezi kutoa nguvu zaidi ya ile ambayo tangi lake la mvuke linaweza kuzalisha wakati huo, na mchochea moto akichoka mlimani, treni nayo huchoka. Injini ya umeme haibebi chochote cha kuchoma. Nguvu inatoka kwenye mtambo mkubwa ulio mbali, na kwa muda mfupi wa kupanda inaweza kuvuta kupita kiwango chake cha kawaida, mradi mota zisipate joto kupita kiasi. Dizeli, iliyokuja baadaye, nayo hubeba kiwanda chake mgongoni, tena katika nyanda za juu hewa huwa nyepesi na injini yake hupungukiwa nguvu isipokuwa imesaidiwa. Mota ya umeme haivuti hewa ili ifanye kazi.

Ya pili ni mshiko wa magurudumu. Kila ekseli ya 1E ilikuwa na mota yake, kwa hiyo uzito wote wa injini ulisaidia kushika reli. Injini ya mvuke ilikuwa na magurudumu kadhaa ya kubeba uzito tu, na nguvu yake ilikuja kwa mapigo ya pistoni, jambo linalofanya magurudumu yateleze kwenye reli yenye unyevu.

Ya tatu ni watu. Injini mbili au tatu za 1E ziliunganishwa na kuendeshwa na dereva mmoja kama injini moja. Kwa mvuke, injini tatu zilihitaji madereva watatu na wachochea moto watatu, wakielewana kwa honi. Na katika mahandaki, ambako moshi wa treni inayopanda polepole uliwabana pumzi wafanyakazi, umeme ulikuwa nafuu ya moja kwa moja kwa mapafu ya binadamu.

Ya nne, na pengine iliyo bora kuliko zote, ni mteremko. Kila kilichopanda lazima kishuke, na treni nzito inaposhuka tatizo si nguvu tena bali kuizuia. Breki za kawaida hukaba magurudumu, chuma kinapata moto na kulika, na zikishindwa kuna maafa. Injini za 1E ziliweza kugeuza mota zake kuwa jenereta wakati wa kushuka. Uzito wa treni uliizungusha mota, mota ikazalisha umeme, na kazi hiyo ya kuzalisha ikawa breki. Umeme ulirudi kwenye waya na kuisaidia treni nyingine iliyokuwa ikipanda.

Turudi kwenye hesabu yetu. Kuinua treni ya tani 1,000 kwa mita 1,000 kunahitaji, bila kuhesabu upotevu, karibu uniti 2,700 za umeme, uniti zile zile tunazonunua kwa ajili ya nyumba. Treni ya mvuke au ya dizeli inaposhuka, nishati hiyo yote huishia kuwa joto na kutawanyika hewani. Treni ya umeme hurudisha sehemu yake. Hairudishi yote, kwa kuwa kuna upotevu katika mota na katika nyaya, lakini kwa reli ambayo mzigo wake mzito unaelekea baharini, kama ya Natal, kila mteremko ukawa na thamani.

Moshi ulihamia wapi?

Historia isiyouliza nani alilipa ni nusu ya historia. Kwanza, moshi haukutoweka. Ulihama kutoka injini hadi Colenso, ambako mtambo ulichoma makaa ya Natal. Ilikuwa treni ya makaa iliyovutwa kwa makaa. Kweli, mtambo mkubwa hupata nguvu nyingi zaidi kutoka tani moja ya makaa kuliko injini ya mvuke, lakini tukisema treni ya umeme ni safi ni lazima tuulize umeme unatoka wapi. Swali hilo halijazeeka. Umeme mwingi wa Afrika Kusini hadi leo unatokana na makaa ya mawe.

Pili, makaa hayo yalichimbwa na Waafrika na Wahindi kwa ujira duni. Wachimbaji Wahindi wa kaskazini mwa Natal waligoma mwaka 1913, na kutoka Newcastle walifanya matembezi maarufu kuelekea mpaka wa Transvaal. Faida ya treni yenye nguvu haikuwafikia. Serikali ya Hertzog iliyoingia mwaka 1924 ilitumia reli kama mahali pa kuwapa ajira Wazungu maskini, na Waafrika wengi waliondolewa hata kwenye kazi za vibarua. Kiti cha dereva wa injini ya umeme kilikuwa cha Mzungu. Baadaye, umeme ulipoenea Johannesburg, uwezo wa treni kubeba watu wengi kwa kasi uliirahisishia serikali ya ubaguzi kuwaweka wafanyakazi mbali na mji, Soweto na kwingineko, na bado kuwafikisha kazini alfajiri. Chombo ni kile kile. Matumizi yake huamuliwa na watawala.

Waya ukikatwa

Afrika Kusini iliendelea na njia iliyoanza Natal. Baadaye umeme ulienea katika reli kuu kutoka Durban hadi huku. Reli ya makaa ya Richards Bay, iliyofunguliwa mwaka 1976, iliwekwa umeme na kuvuta treni za mabehewa 200. Gautrain, ambayo wengi wetu tunaipanda, ilianza mwaka 2010, nayo ni ya umeme.

Lakini miaka ya karibuni imetufundisha upande wa pili. Reli ya umeme ni mnyororo: mtambo, nyaya za masafa marefu, vituo vya kupoza umeme, waya wa juu ya reli, halafu injini. Kiungo kimoja kikikatika, treni husimama. Katika kipindi cha amri ya kukaa nyumbani mwaka 2020, stesheni na njia nyingi za treni za abiria Gauteng zilivuliwa nyaya na vifaa, na baadhi zilikaa miaka bila huduma. Mgao wa umeme ulifikia hali mbaya kabisa mwaka 2023. Makaa yaliyosafirishwa nje kupitia kituo cha Richards Bay yalishuka kutoka zaidi ya tani milioni 76 mwaka 2017 hadi karibu milioni 47 mwaka 2023, na wizi wa nyaya ulikuwa moja ya sababu, pamoja na uhaba wa injini na vipuri. Katika baadhi ya njia zenye waya, dizeli imerudi kufanya kazi.

Wapo wanaosema kwamba hali hii inathibitisha umeme haufai Afrika. Nadhani wanakosea. Milwaukee Road iliamini hivyo, ikazima umeme wake mwaka 1974, miezi michache tu baada ya bei ya mafuta kupanda duniani kote. Kinachothibitishwa na hali ya Gauteng ni kwamba ujenzi ni nusu ya kazi. Mlima wa Natal haujapungua tangu 1926. Kilichopungua ni ulinzi na matunzo.

Somo kwa Afrika Mashariki

Jambo hili linatuhusu sisi wapenzi wa Kiswahili kwa sababu nchi zinazozungumza lugha hii zina milima yake. Reli ya Uganda, ili ifike Ziwa Nyanza, ilibidi ishuke Bonde la Ufa na kupanda tena, na njia ya baadaye kwenda Uganda ilipita Timboroa, zaidi ya mita 2,700 juu ya bahari. Afrika Mashariki ilijibu mlima huo kwa injini kubwa zaidi za mvuke. Garratt za daraja la 59, zilizokuja katika miaka ya 1950 na kupewa majina ya milima yetu, zilikuwa miongoni mwa injini zenye nguvu kuliko zote katika reli za upana wa mita moja. Zilistahili sifa, lakini zilichoma mafuta kutoka nje. Katanga, ambako Kiswahili kinazungumzwa pia, ilichagua vingine: katika miaka hiyo hiyo ya 1950 reli yake ya shaba iliwekewa umeme, kwa sababu maporomoko ya maji yalikuwa karibu.

TAZARA, iliyokamilika katikati ya miaka ya 1970, ndiyo mfano ulio karibu zaidi na Natal. Ina upana ule ule wa reli wa milimita 1,067, na kati ya Mlimba na Makambako inapanda ukingo mkali wenye mahandaki na madaraja. Injini zake za kwanza za dizeli zilielemewa na mwinuko huo, na katika miaka ya 1980 zililetwa nyingine zenye nguvu zaidi. Reli ya kisasa ya Kenya iliyofunguliwa mwaka 2017 inapanda kutoka Mombasa hadi Nairobi kwa dizeli. Ethiopia na Djibouti zilichagua umeme kupanda hadi Addis Ababa, na Tanzania ilianza kubeba abiria kwa umeme kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024. Treni zake zenye pua ndefu wananchi wameziita mchongoko, na hapo garimoshi limepata mshindani.

Swali la Natal linafaa kuulizwa kwa kila moja ya reli hizi. Je, kuna mlima? Je, kuna mzigo wa kutosha kurudisha gharama ya waya? Je, umeme upo, na unatoka kwenye maji au kwenye makaa? Na juu ya hayo liko swali ambalo ripoti ya 1919 haikulazimika kuliuliza, lakini sisi tunaoishi Johannesburg leo hatuwezi kulikwepa: nani atautunza waya huo miaka 30 baada ya sherehe za uzinduzi? Wahenga walisema kitunze kidumu. Reli ya umeme inaweza kuushinda mlima kwa namna ambayo mvuke na dizeli haziwezi, kama Natal ilivyoonyesha karibu miaka 100 iliyopita. Lakini mlima hauhitaji kutunzwa ili uendelee kuwepo, na waya unahitaji.